Bangili ya Pili Ilikuwa kwa Wakwe

Musoma, 3 Juni 2024

Mpendwa Mama Jeska,

Naomba msaada, nina jambo siwezi kulimeza wala kulitema. Mama yangu, Dorah, alifariki Februari akaniachia bangili ya pembe ya ndovu aliyokuwaga anaipaka samli kila Jumapili, ilikuwa ya bibi yake ambaye utotoni, wakati wa njaa kabla Wajerumani hawajaingia, alibadilishwa kwa mtama akabaki Butiama, nami kwa majonzi nikataka kujua kwao ni wapi, nikaenda parokiani wakanifungulia kitabu cha zamani cha ubatizo, pameandikwa Tereza, wazazi hawajulikani, basi.

Sasa binti yangu Flora anaolewa na Enos wa Bunda, na juzi nilikwenda kumjulia hali bibi yake Enos, Bibi Marieta, nikiwa nimeivaa ile bangili, akaitazama mpaka chai ikapoa, akatoa ya kwake kwenye kopo, tukaziweka pamoja, ufa wa moja ukaendelea kwenye nyingine, zilikatwa pembe moja. "Bibi yangu alikuwaga anasema mdogo wake aliachwa kwa watu wenye mtama," akaniambia. Nikamuuliza, hawa watoto si ndugu? Akanishika mkono: "Nyamaza, Mama Flora! Ng'ombe wameshanenepa kwenu, utawarudishaje?"

Kwetu ndugu hawaoani, na tarehe 30 padre anaanza kutangaza ndoa, atauliza kama kuna anayejua kizuizi, nami nitakuwa nimekaa mbele. Ninyamaze? Unikumbuke katika sala zako.

Helena, Mwisenge

JIBU

Mama Flora, pole kwa msiba. Ulimtafutia Tereza ndugu zake na umewapata; wengi hutafuta hadi kufa. Lakini nakugombeza. Umezungumza na watu wa parokia, na Bibi Marieta, na mimi nisiyekujua. Flora je? Anayeolewa ni yeye, siyo ng'ombe!

Tena umehukumu kabla ya kikao. Undugu huo ni wa vizazi vingi, na umepitia kwa wanawake. Wako wazee watakaosema umeisha, wako watakaosema haufi. Mamlaka hayo huna, mimi sina, na Bibi Marieta hana, hata akiipenda vipi pilau ya harusi.

Mweleze Flora yote, na akitaka kulia mwache alie. Kisha yeye na Enos wawaendee wazee wa pande zote mbili, bangili zote mbili zikiwa mezani, na padre ajulishwe kabla ya tangazo. Wazee wakikataa, ng'ombe wana miguu. Ukinyamaza, siku mjukuu wako atakapougua homa ya kawaida tu, Bibi Marieta atakuwa wa kwanza kusema ni mwiko, na mwanao atakugeukia: "Mama, ulijua?"

Mwite leo.