Njoo Mikono Mitupu

Ikola, 3 Februari 2024

Mama, shikamoo. Habari za hapo Mpanda? Mgongo unaendeleaje? Sisi huku hatujambo, mkweo Malale anavua na dagaa wanapatikana. Recho anayekuletea dagaa ndiye niliyempa na barua hii, maana simu yako imefukiwa na makorokoro humo ndani na wewe mwenyewe hujui iliko.

Mimba imekuwa kubwa. Mama mkwe ananiuliza kila siku, "Kwenu unaenda lini?" Anajua uzazi wa kwanza mtu anajifungulia kwa mama yake. Namdanganya kwamba bado unapaka chokaa.

Mama, niondolee aibu. Toa vitu kwenye chumba kimoja tu, kile nilichokuwa nalala mimi. Kulala ni neno tu. Nilikuwa najikunja kati ya magunia ya chupa na redio mbovu. Panya walitafuna sketi yangu ya shule, na darasani waliniita Dampo mpaka namaliza. Evaline alikuja nyumbani mara moja tu, mabati yakamwangukia mguuni, mama yake akamkataza kuja tena. Mwanangu halali humo.

Ni mimi mwanao, Cecilia

Mpanda, 19 Februari 2024

Cecilia, marahaba. Dagaa nimewapata, wana mchanga. Mgongo uko vilevile.

Aibu yako wapelekee hao waliokufundisha. Hizo unazoita takataka ndizo zilizokuvisha. Baba yenu alipokufa, ndugu zake walibeba mpaka mlango, nikalala na nyie nimeziba tundu kwa mkeka. Umesahau? Tangu siku ile hakitoki kitu kwangu. Akiba haiozi. Chumba kimejaa na kitabaki kimejaa. Ukitaka kuzalia kwa mama yako, njoo uishi kama ulivyolelewa. Hutaki, kaa hukohuko kwa wakwe zako.

Mama yako

Ikola, 27 Mei 2024

Mama, shikamoo. Mgongo sikuulizi.

Nimejifungua mtoto wa kike, hukuhuku kwa wakwe zangu kama ulivyosema. Mama mkwe ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji wa pilipili manga, na kila akinikanda anauliza, "Mama yako anaumwa?" Mtoto tumemwita Nyanzala, jina lake yeye. Lako nilikuwa nimeliweka, nikaliondoa.

Ya baba wadogo sijasahau. Mimi ndiye niliyelala karibu na ule mkeka, baridi ikinipiga. Lakini wao walibeba mlango, wewe ndiye uliyetuzibia njia.

Ukitaka kumwona mjukuu, njoo kabla ya arobaini kwisha. Ila naomba kitu kimoja: njoo mikono mitupu. Usibebe hata mfuko.

Mama Nyanzala

Mpanda, 9 Juni 2024

Mama Nyanzala, marahaba. Hongera kwa uzazi. Nimelia, usifikiri sikulia.

Lakini wewe umekulia wapi? Nani anakwenda kumwona mzazi mikono mitupu? Hata jirani anabeba sabuni. Mimi mama mzazi niingie kwa wakwe nikipunga mikono, watasemaje? Huyo mtoto nimemwekea vitu tangu wewe uko shule: vyandarua, nguo, beseni, chupa za maziwa. Nakuja Jumanne na lori linalofuata dagaa wa Recho.

Bibi yake

Ikola, 14 Juni 2024

Mama, shikamoo, kama bado unaitikia.

Jumanne nilikungoja tangu asubuhi. Mtoto nilimwogesha, nikampaka mafuta. Mama mkwe alichinja jogoo. Malale ndiye aliyekupokea stendi, akaona hivyo viroba: vyandarua vimeoza, chupa zimepasuka, beseni halina kitako. Akakuambia kwa heshima, "Mama, mizigo tuiache hapa dukani kwa Kashinje, twende ukamwone mtoto." Nyumba ilikuwa inaonekana pale uliposimama! Ukapakia viroba vyako, ukapanda lori lilelile, ukarudi.

Nilimdanganya mama mkwe kwamba umezidiwa njiani. Akaenda kupakua jogoo. Tulimla bila wewe.

Nakuchukia, mama. Nimeandika na sifuti. Niambie tu kwa nini, halafu tusiandikiane tena.

Cecilia

Mpanda, 2 Julai 2024

Cecilia, marahaba. Nilifika salama.

Unauliza kwa nini. Upepo ulikuwa unatoka kwenu, nilimsikia mtoto akilia. Mguu mmoja nilishautoa kumfuata Malale. Nikageuka kuviangalia viroba, nikajua nikiingia tu ndani mtavitupa ziwani. Sikuweza. Bwana afya alishakuja hapa akasema huu ni ugonjwa, nikamfukuza. Labda ni ugonjwa. Mimi najua tu kwamba nilitaka kumbeba yule mtoto kuliko kitu chochote, na sikuweza.

Usiandike kama hutaki. Mtoto ana mama, ana baba, ana bibi mwingine. Vile viroba vina mimi peke yangu.

Mama yako