Alteneta Yenye Pampu

Bundaberg, Australia
2 Juni 2019

Kwako shemeji Nalau,

Habari za huko kisiwani Tanna? Dada yako na watoto hawajambo? Mimi ni mgongo tu. Viazi vitamu vya Mzungu huyu vinajificha ardhini kama tunavidai, na sisi tunainama kutwa kuvitafuta. Zaidi ya hapo ni mzima.

Vijana wa kundi jipya la vibarua kutoka huko wameniambia taa ya betri kwenye pikapu yangu inawaka haizimiki, na simu za kijiji kizima zimekufa kwa sababu mlikuwa mnazichajia humo. Usikimbilie betri mpya. Kwanza bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Ukiwa umelegea, kaza. Kisha azima mita ya umeme kwa fundi wa mjini Lenakel, upime betri injini ikinguruma. Ikisoma volti kumi na nne, alteneta inayoichaji ni nzima. Ikisoma kumi na mbili na inashuka, haichaji. Hapo fungua nyuma utazame makaa yake, vile vipande vyeusi vya kupitishia umeme, huenda yamelika. Niandikie ulichoona, siyo ulichofikiri.

Lispet ameota meno ya mbele? Mwambie baba yake anauliza.

Shemeji yako,
Kapalu


Tanna
30 Juni 2019

Shemeji Kapalu,

Pole na mgongo. Sisi wazima, nguruwe wazima, kava tunayokunywa mwaka huu kali mpaka midomo inakufa ganzi. Meno ya Lispet bado. Anapiga mluzi kwa pengo lake na kutusumbua sote.

Nimepima. Kumi na moja na nusu. Makaa yamekwisha, na pale yanapogusa, shaba imechimbika kama barabara yetu. Kwa hiyo tutafutie nyingine huko kwa matajiri.

Halafu, shemeji, siku hizi unaandika kama msimamizi. "Ulichoona, siyo ulichofikiri." Nani kakupa cheo? Wewe unafukua viazi, mimi ndiye ninayeshika usukani. Sokoni wananiita Kapteni. Fanya haraka, Kapteni hatembei kwa miguu.

Kaka wa mkeo,
Nalau


Bundaberg
21 Julai 2019

Shemeji Nalau,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na cheo chako.

Nimeipata. Jumapili wenzangu walikwenda kanisani, mimi nikaenda yadi ya magari mabovu nikaifungua mwenyewe kwenye pikapu ya dizeli kama yetu. Nyuma yake ina pampu, kama ile ya zamani. Hapa soma polepole, Kapteni. Ile pampu iliyobandikwa nyuma ya alteneta ndiyo inayovuta hewa ya kuusaidia mguu wako kwenye breki. Alteneta yetu imekufa kuchaji, lakini bado inazunguka, na pampu inazunguka nayo. Breki zipo. Kwa hiyo betri ipeleke ikachajiwe Lenakel, endesha mchana bila taa, halina neno.

Ila usifunge alteneta ya gari la petroli, hata ukipewa bure. Haina pampu. Taa zitawaka, breki zitakufa.

Iolu, mwenzangu wa hapa shambani, anarudi nyumbani Agosti. Ataibeba. Subiri.

Shemeji yako,
Kapalu


Tanna
18 Agosti 2019

Shemeji Kapalu,

U hali gani? Sisi huku tunang'aa!

Iolu wako hatujamwona, na watu hawali subira. Nyuma ya duka kulikuwa na gari bovu la petroli limelala, kuku wanatagia ndani. Nikawahamisha kuku, nikachukua alteneta. Ilikataa kukaa, nikakata kipande cha chuma kikaishika. Bomba la oili la ile pampu nikaliziba kwa bolti, mpira wake wa hewa nikauziba kwa kizibo cha mti. Kumi na nne kamili, kama ulivyohubiri! Usiku taa zinawakimbiza nguruwe porini.

Breki imekuwa ngumu kidogo. Lakini mimi nina mguu, siyo kama huo wako wa kuchuchumaa. Jumamosi nimeshusha watu na magimbi yao, mama mmoja akaniuliza, "Kapteni, mbona unaikanyaga kama unaua nyoka?" Tulicheka mpaka Lenakel.

Kaka wa mkeo,
Nalau


Bundaberg
1 Septemba 2019

Nalau,

Leo salamu baadaye. Lisimamishe gari. Weka mawe mbele ya magurudumu na funguo mpe dada yako. Wewe siyo kapteni, wewe ni mpumbavu mwenye mguu. Siku utakapokuta mteremko na mzigo kamili, utasimama juu ya hiyo breki kwa miguu yote miwili na gari litakwenda linakotaka.

Iolu amezuiwa. Mwenye shamba amesogeza mbele tiketi za kundi lake mpaka viazi viishe. Alteneta iko chini ya kitanda changu, naiangalia kila nikilala. Barua hii nimempa mtu anayeruka kesho kwenda Vila, mji wetu mkuu, ataituma kwenu kwa meli. Nimepiga simu yako mpaka nimechoka.

Lispet asipande. Mtoto yeyote asipande.

Kapalu


Tanna
20 Oktoba 2019

Mpendwa shemeji,

Salamu za upendo kutoka kwetu sote. Tunaomba mgongo wako umepona.

Barua yako ilifika, ingawa ilichelewa. Matusi yake nimekusamehe.

Ilikuwa mteremko wa Lounapak, siku ya soko, nimepakia mpaka juu. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili, kama ulivyoandika. Kulikuwa na msichana njiani na ndoo ya maji. Hakukimbia. Alijua nitasimama, maana pale huwa nasimama kuwasalimia. Alifariki palepale.

Wazee wa pande zote mbili walikaa. Watu wa Lounapak hawakutaka fedha wala nguruwe peke yake. Walitaka mtoto wa kike akae mahali pa mtoto wao, kama desturi inavyoruhusu. Mimi binti ninao, unawajua. Lakini gari si langu. Mwenye gari ndiye mwenye deni, kila mtu aliliona hilo. Wakauliza alteneta ilitoka wapi, nikasema shemeji yangu hutuma vipuri kutoka Australia. Huo si uongo, si unatuma?

Lispet alikwenda vizuri, na mikeka mipya na nguruwe mkubwa. Hakulia mpaka kwenye kona. Watampa jina la marehemu na watampenda, usiwe na shaka. Meno yake ya mbele yameota, uliuliza. Dada hasemi na mimi, ila ameanza kula kidogo.

Iolu amefika na alteneta yako. Nimeifunga, pampu inafanya kazi safi kabisa. Breki sasa laini, hata mtoto angelisimamisha gari. Ukipata tairi mbili za nyuma, tutumie.

Kaka wa mkeo akupendaye,
Nalau


Bundaberg
10 Novemba 2019

Nalau,

U mzima? Mimi mzima.

Tairi nimepata. Mkataba wangu unaisha Desemba, nitakuja nazo mwenyewe.

Ile alteneta ya petroli usiitupe. Ifute vumbi, uiweke pamoja na kipande chako cha chuma, bolti na kizibo cha mti. Nikifika nitaifungua hii yenye pampu kwa mkono wangu na kuirudisha hiyo yako inayochaji vizuri. Tutapakia magimbi mpaka juu. Kisha tutapanda sisi wawili tu, wewe kwenye usukani, Kapteni, na tutashuka mteremko wa Lounapak. Nitatuma watu mapema wawaambie waingize watoto wote ndani.

Mpaka hapo kula vizuri. Huo mguu utauhitaji.

Mwenye gari