Wanasema Hata Wewe Ulinitania

Mwende rafiki yangu,

Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani. Kesho asubuhi naitwa tena kwa meneja, na jina lako limeshatajwa humo ndani. Ndiyo maana nakuandikia.

Supavaiza wetu wa dobi hapa hotelini hukumjua. Aliletwa baada ya sisi kukuzika Mraru. Mwanzoni alikuwa mtu wa vicheko, nikadhani tumepata bahati. Kisha siku moja nimeinama kwenye kapu la shuka chafu, akanipiga picha kwa nyuma, akaituma kwenye grupu yetu ya kazi. Aliandika, "Ndovu ametoka mbugani, fungeni geti." Watu ninaokula nao meza moja wakaweka vile vikatuni vya kucheka. Na mimi nikaweka, Mwende. Niliogopa kuonekana nina roho ndogo.

Sasa ndilo jina langu. Hata walinzi wananiuliza, "Ndovu, umeamkaje?" Nilimwomba kwa upole aifute ile picha. Siku hiyo hiyo akanitoa kwenye pasi, akanipeleka uani kuloweka mataulo peke yangu, na ruhusa yangu ya kwenda Bura kumwona mama akaikataa. Nikisikia funguo zake zikilia koridoni, natafuta pa kujificha. Juzi nilijifungia chooni mpaka akapita, mimi mwanamke mzima mwenye mtoto sekondari.

Nikaenda kwa meneja. Supavaiza alipoitwa akasema huo ni utani tu. Halafu akaongeza, sijui ni nani kamwambia, "Mbona marehemu Mwende alikuwa akimtania mwili huo huo, na huyu alikuwa anacheka?" Nililia mbele yao, na meneja akasema tutamalizia Jumatatu.

Tangu hapo najiuliza kama ana haki, kwa sababu ni kweli. Ulisema nikikaa upande mmoja wa benchi, wewe wa upande wa pili unapaa. Nami nikakuambia upepo wa Voi utakuanua pamoja na nguo, ukushushe Taveta. "Nikishukia Mahoo kwenye migomba nitakutumia ndizi," ukasema. Tulicheka mpaka pasi ikaunguza foronya.

Lakini wiki ile baba yangu alipolazwa hukunitania hata kidogo. Ulikunja shuka zangu pamoja na zako. Ulikuwa unanitazama uso kwanza. Na mimi nilikuwa nakujibu, Mwende, tena nilikuwa nakushinda. Huyu nikimjibu, kibarua kinaota nyasi.

Nimemwomba Mwakio, yule wa pasi, aje aseme aliyoyaona. Akatazama viatu vyake. "Dada, mimi nina watoto shule. Wacha nifikirie kwanza." Simlaumu, ila sijui kama atakuja. Naogopa kuketi pale peke yangu. Naogopa sauti itanikwama kama juzi, waniandike kuwa mtu wa kulialia tu. Nimejaribu kuyasema maneno yangu nikiosha vyombo, na hata hapo jikoni kwangu, bila mtu, yananipotea.

Nimekasirika pia, nikuambie ukweli. Picha nitaizoea, labda. Lakini kukuchukua wewe, ambaye huwezi kujisemea, akakufanya mwenzake katika mambo yake, hilo nimelikataa kabisa.

Pumzika, rafiki yangu. Nakuahidi jina lako siwaachii. Wakinifukuza nitakuja Mraru nikuambie mwenyewe, na wasiponifukuza nitakuja vilevile. Kesho akisema tena kwamba hata wewe ulinitania, nitajibu, hata kama ni kwa machozi: ndiyo, alinitania miaka yote, na kila asubuhi nilikuwa na haraka ya kufika kazini.

Ni mimi wako,
Wakesho