Rimoti ya AC iko kwenye begi langu

Masalu, leo nimefanya ujinga. Usinicheke kwanza.

Asubuhi nilizima AC ya ofisini nikaficha rimoti. Unayajua madirisha yetu, yamepigiliwa misumari sababu ya vumbi. Nilitaka tu kuona watu wakihangaika. Nikacheka peke yangu mpaka saa tano.

Sasa dada Esteria, yule aliyenitetea nikaajiriwa bila kumaliza chuo, alikuwa anapanga malori ya mbegu za pamba, lipi liende kijiji gani. Jasho linamtiririka, mstari mmoja anausoma mara tatu. Akaniambia, "Mdogo wangu, leo kichwa hakishiki kitu." Nikamjibu, "Dada, huo ni uzee."

Nilimwambia ni uzee, Masalu.

Saa nane simu ikapigwa. Lori la Mwamapalala limeshusha mbegu Kimali. Wakulima wa Mwamapalala wamekaa godauni tangu asubuhi, na mvua kwao imeshaanza.

Meneja akamwita dada Esteria mbele yetu. Esteria akasema joto lilimzidi. Meneja akamwambia, "Joto mnalo wote, mbona wenzako hawajakosea? Kesho niletee maelezo kwa maandishi, ndio nitajua kama unabaki."

Rimoti iko kwenye begi, begi liko miguuni kwangu.

Jioni Esteria akanifuata, ananong'ona, "Wewe chuo ulikigusa kidogo. Niandikie hayo maelezo, mimi nitakosea tena."

Ndiyo naandika sasa hivi. Sentensi ya kwanza imeanza na jina langu.