Pamba Kwenye Miguu ya Prosesa

Jumanne, 8 Juni 2004

Kompyuta ya chumba changu cha michezo imeganda tena. Vijana wawili walikuwa katikati ya mchezo wa risasi. Mmoja anasema alikuwa ameshashinda, mwingine anasema bado. Wakavaana. Mmoja alitema jino kiganjani, akaligeuzageuza kama anayekagua punje ya mahindi. Nikachomoa waya wa umeme, nikawachapa wote wawili migongoni hadi mlangoni. Sikuona huruma. Niliona nafuu.

"Piga tu, dada Kabula," alisema yule mwenye pengo alipofika barabarani. "Lakini kwenye mchezo wa jirani mtu akipigwa risasi damu inaruka mpaka ukutani. Kwako wanalala tu kama wamechoka kulima."

Watu wakacheka. Ni kweli. Nikiwasha damu kwenye mchezo, picha inatembea kama ng'ombe mgonjwa. Prosesa, ubongo wa kompyuta, imezeeka. Mpya haikai kwenye madabodi niliyonayo, ile bodi inayoibeba, kitako chake ni kingine. Kwa hiyo lazima ninunue vyote viwili. Kasha, diski, kioo na ram, kumbukumbu yake, vitabaki. Lazima nipate bodi inayokubali ram ya zamani, vinginevyo pesa haitatosha.

Alhamisi, 10 Juni

Kaka Masanja amekuja kutoka Mwamapalala na ujumbe wa baba. Pamba ikiisha kununuliwa na chumba changu cha michezo bado hakijanilisha, ng'ombe wa Nkwabi watapokelewa. Nitarudi nyumbani, niolewe.

Nkwabi ananunua pamba. Tangu ushirika uache kuwa mnunuzi pekee, kila mwenye mizani ni bwana mkubwa. Yeye ana mizani mbili na wake wawili.

Masanja hafichi. Ng'ombe watakaoingia kwa ajili yangu ndio watakaotoka kwa ajili ya Ngolo, msichana anayempenda. Bila mahari yangu hana mahari. Nilimwambia akaoe mizani.

Kofi. Nikaangukia kibodi. Akanivuta nywele, nikamng'ata kifundo cha mkono mpaka nikaonja chumvi. Akanipiga teke la nyonga. Mama alikuwa amekaa nje na gunia lake la mchele, akaingia na jiko la mkaa mkononi, likiwa na moto.

"Nani anataka kuungua kwanza?"

Tukaachana. Shavuni nina alama za herufi. Namchukia. Naandika tena ili nisisahau kesho. Namchukia.

Jumapili, 13 Juni

Nimeuza mtamba wangu mnadani ili nipate pesa ya bodi na prosesa. Bibi ndiye aliyenipa ng'ombe aliyemzaa, nilipofaulu kwenda sekondari. Mnunuzi alimchapa fimbo ya mdomo ili apande lori. Nilitaka kumnyang'anya ile fimbo.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, walimkamata mwizi wa ndama pale pale. Hawakumpeleka popote. Fimbo ikigonga mfupa hailii kama ikigonga nyama, sasa najua. Alipobebwa, mkono mmoja ulikuwa unakwenda upande wake wenyewe. Nilitazama mpaka mwisho. Hakuna aliyenishika kichwa nitazame.

Jumatano, 16 Juni

Masanja anakwenda Mwanza kesho na lori la pamba. Ni mpakiaji. Mama ameamua yeye ndiye atakayeniletea vifaa, maana nikifunga chumba wateja wote watahamia kwa jirani. Nilikataa. Mama akasema, "Ninyi mmetoka tumbo moja. Kama si yeye, ni nani?"

Nimemwandikia jina la bodi na jina la prosesa kwa herufi kubwa. Nimemwambia prosesa ina miguu chini, mamia ya miguu myembamba kuliko unywele wa mtoto, na mguu mmoja ukivunjika yote ni takataka. Alisikiliza akiangalia ukuta. Kifundo cha mkono wake kimevimba, meno yangu yanaonekana.

Akakunja karatasi akaitia kofiani.

Jumamosi, 19 Juni

Sijui nianzie wapi.

Alifika saa nane mchana, mwekundu kwa vumbi. Nilikuwa nimeshafungua kasha, nimetoa madabodi ya zamani na paua saplai, kisanduku cha umeme. Akaweka kifurushi mezani. Bodi ilikuwa kwenye boksi lake, nzima. Prosesa ilikuwa peke yake, imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nikafungua.

Pamba. Pamba mbegu, kama inavyotoka shambani, imeshindiliwa kwa nguvu. Ndani yake prosesa imeelekea chini. Nyuzi zimejisokota kwenye kila mguu. Mbegu zimelaza miguu safu nzima, mingine imelalia mwenzake. Mtamba wangu. Miezi yangu yote. Mizani mbili za Nkwabi.

Nikaona Masanja ametabasamu.

Paua saplai ya zamani ni chuma, nzito kama jiwe la kusagia. Niliishika kwa nyaya zake nikaizungusha. Ilimpata juu ya jicho. Nilisikia mlio ule ule wa mnadani, ule wa mfupa. Hakupiga kelele. Akakaa chini taratibu kama mtu aliyeambiwa akae. Nikainua tena. Nikampiga begani. Ningempiga ya tatu, waya ukakatika.

Damu ilitiririka kwenye pamba iliyokuwa mezani. Pamba inakunywa haraka.

Wateja walimbeba. Mimi nilibaki nimesimama na waya.

Jumapili, 20 Juni

Sikwenda kanisani. Sikwenda hospitali. Nimepiga deki sakafu.

Mchana Mzee Shija, dereva wa lori, alikuja kuuliza hali ya Masanja. Nikamwambia sijui. Akaketi bila kukaribishwa.

"Huyo kaka yako ana wazimu," akasema. "Fundi Mwanza alimpa kile kidude ndani ya gazeti tu. Yeye akasema barabara yetu itakiua. Akakwangua pamba iliyobaki kwenye bodi ya lori, akachambua ile nyeupe, akakivika kama yai. Njia nzima amekipakata. Mpakiaji mwenzake alitaka kuegemea, akala ngumi. Tukamwambia lala, akasema hapana, dada yangu kauza ng'ombe."

Nikamuuliza kama Masanja alitabasamu aliposhuka.

"Alikuwa anatabasamu tangu tulipopita Lamadi."



Jumatatu, 21 Juni

Nimekwenda hospitali. Nimesimama dirishani, sikuingia. Ana nyuzi juu ya jicho, jicho lenyewe limefumba. Mkono wa kulia umening'inizwa shingoni. Muuguzi akaniambia mgonjwa amekataa kwenda polisi kuchukua fomu ya majeruhi. Anasema alianguka kutoka kwenye lori.

"Mtu anaanguka mara mbili?" muuguzi akaniuliza.

Ningetaka anipige.

Jumatano, 23 Juni

Nimechukua sindano ya mama ya kuchanjia kuku, nikaikata ncha. Tundu lake linameza mguu mmoja wa prosesa. Nimeanza na nyuzi za pamba, moja moja, kwa kibano cha nyusi. Nyingine zina damu iliyokauka. Hizo hazitoki kwa kuvutwa. Inabidi uzibembeleze.

Kisha miguu. Unaivika sindano, unainua kidogo, unaacha. Ukilazimisha, inavunjika. Mikono yangu imezoea kulazimisha. Nimepumzika mara nyingi. Nimelia mara moja, kwa hasira, nikahama ili machozi yasidondoke juu yake.

Ijumaa, 25 Juni

Miguu yote imesimama. Prosesa imezama kitakoni kwa uzito wake, bila kusukumwa. Nimefunga feni, nikaunga paua saplai niliyoazima kwa mwenye stesheneri. Nikabonyeza.

Imewaka. Ram imeonekana. Mchezo unakwenda kama maji.

Nikawasha damu. Inaruka mpaka ukutani, kama alivyosema yule kijana. Inashuka polepole, inaacha michirizi. Nilitazama kidogo tu.

Jumamosi, 26 Juni

Chumba kimejaa tangu asubuhi. Waliohamia kwa jirani wamerudi. Mama amepita, amehesabu vichwa kwa macho, akasema atamwambia baba. Ng'ombe wa Nkwabi wakae kwao.

Nilidhani nitafurahi kuliko hivi.

Jumapili, 27 Juni

Masanja amekuja baada ya misa, kabla sijafungulia wateja. Jicho limeanza kufunguka. Amesalimia kama kawaida, nami nimeitikia kama kawaida. Nilisema nisamehe. Akasema, "Watu wa Maswa wanamtolea Ngolo mahari Jumatano." Alisema bila ubaya, kama anayenipa habari za mvua.

Akaomba kucheza. Nikamwekea kiti. Kwa mkono mmoja hawezi kukimbia na kupiga kwa pamoja, kwa hiyo nilishika vitufe vya kukimbia, yeye akashika mausi. Tukauawa mara nyingi.

"Mbona hawatoki damu?" akauliza. "Vijana wanasema hii mpya inatoa."

"Nimeizima."

Akatikisa kichwa kukubali. Kwenye shati lake, chini ya kola, kulikuwa na unyuzi wa pamba. Nimeutoa. Hakujikunyata.

Watu walianza kugonga mlango. Nikawaambia wangoje.