Ubavu wa Boti Uliobaki Baraka

Mama Asukulu, muke wangu,

Bwana asifiwe. Mwili wangu uko muzima, ni roho tu ndiyo haitulii. Na nyinyi hapo Baraka muko je? Mugongo wako bado unauma? Asukulu anafuata masomo, ao ameanza tena kukimbilia mupira?

Usisome hii barua mbele ya mudogo wangu Wilondja. Simu yako tangu iharibike nilipiga kwa yake mara mbili, na mara mbili akaniambia uko shamba. Namba ya mutu mwingine wa hapo sina, ndiyo maana barua nimeiweka mukononi mwa binti ya pasta wetu wa hapa Nairobi. Anaondoka kesho, Jumatatu, kwenda kwa bakubwa zake Fizi, na atapitia hapo Baraka.

Unajua kazi yangu ni kulinda nyumba ya maonyesho. Mwezi huu wameleta kazi za wasanii batano wanaogombea zawadi kubwa, na mumoja tu ndiye atachaguliwa. Sanaa ya siku hizi mimi siielewi. Kuko mutu alileta vyungu vilivyovunjika, batu wanavizunguka kimya kama vile wako kanisani.

Juzi wakafunua kazi ya binti mumoja wa Bukavu. Ni ubavu wa boti umesimamishwa, na taa nyuma yake. Mwanga unapita mahali wadudu walikula, tundu ndogo ndogo mamia. Batu wakapiga makofi. Mimi nikaona rangi ya kijani, na kiraka cha bati kwenye ubao wa tatu, kile nilikipigilia mwenyewe wakati baba ananifundisha kutengeneza boti. Mama Asukulu, ni boti yetu, ile baba aliachia Wilondja.

Nikagusa ubao. Kidole kikaingia.

"Muzee, hapa hatugusi," yule binti akasema, lakini anacheka. "Na we pia umeipenda?"

Nikamuuliza aliitoa wapi.

"Kwa bwana mumoja wa Baraka, mucheshi sana. Nilitaka boti yote, akanijibu: Dada, nusu yako ya kuangalia, nusu yangu ya kuvukia."

"Na ulichagua huu ubavu kwa nini?"

"Huu ndio ulikuwa muzima. Ule mwingine ulikuwa unamegeka mukononi. Haungefika hata Uvira ndani ya lori."

Nilirudi kwenye kiti changu.

Kabla simu yako haijaharibika uliniandikia kwamba Wilondja ameifanya boti kuwa mupya. Muke wangu, upande mumoja ni mbao mupya, upande mwingine ni rangi tu. Baba alitukataza kuunganisha ubao mupya na wa zamani. Ule mupya ukinywa maji unavimba na kusukuma, na ule wa zamani unaachia misumari. Karibu na pwani hamutaona kitu. Ni kule katikati ya ziwa, upepo ukianza.

Na ndiyo itabeba bamama ba korali Jumamosi, kwenda mukutano wa Kalemie, na wewe ndani.

Nimefunga chakula tangu juzi. Usiniambie Mungu atalinda. Mungu ameshalinda: ameleta ule ubao mupaka mbele ya macho yangu.

Chukua sindano ya kushonea magunia, wende mahali boti imevutwa kwenye muchanga. Choma chini ya rangi, upande wa zamani. Ikiingia bila nguvu, ita bamama wote waone. Wilondja atasema ninamuonea wivu wa urithi. Aseme.

Musalimie mama yangu, asipande hata akibembelezwa. Musalimie pasta, umuambie sitabiri, hii ni kazi niliyofundishwa. Salamu kwa dada yako na watoto wake. Wilondja pia umusalimie, lakini mbele ya batu, usiwe peke yako naye.

Njia ya Uvira inafungwa na kufunguliwa, sijui barua itakufikia siku gani. Kama unaifungua ukiwa umeshakaa ndani ya boti, teremuka, hata kama maji yanafika kifuani.

Ni mimi bwana yako,
Baba Asukulu