Kiti cha Maman Maître

Mpambanaji mwenzangu, Shangazi yangu,

Chuoni, ninapopanda juu ya benchi kuwahutubia wanafunzi wenzangu, huanza kwa kuwaita wapambanaji, nao huitikia kwa kishindo. Leo nimekuita wewe, na hakuna aliyeitikia. Niko nyumbani kwako, Nyakasanza, hapa Bunia, penye mlango ambao zamani haukufungwa kwa ajili ya wajane waliokuja kukuuliza sheria. Sasa umefungwa. Vumbi jekundu limeingia kwa chini na kutanda hadi kwenye miguu ya meza yako.

Ninakuandikia kwa sababu wamekuzika mara mbili, nami ile ya pili nimeitambua nikiwa nimechelewa.

Siku ya maziko, chini ya turubai, waliopewa nafasi ya kusema wote walikuwa wanaume. Wewe, wakili uliyewasemea watu mbele ya majaji, ulisemewa. Kaka yako, Baba Mkubwa Zakaria, alisimama, akavua kofia, akasema: "Dada yangu hakukuwa mwanamuke kama wale wengine. Ule alikuwa mwanaume!" Watu wakapiga makofi. Wanakwaya wakapiga vigelegele. Nami nililia kwa fahari, Shangazi, maana nilidhani hatimaye kofia ile imevuliwa kwa heshima yako.

Unakumbuka baraza la ukoo baada ya baba yangu kufariki? Kaka zako walitaka kuichukua nyumba yetu ya Saio na kumrudisha mama kwao Marabo, kama mtu arudishaye sufuria ya kuazima. Desturi yetu unaijua: wanaume viti, wanawake mkeka karibu na mlango, na mwanamke mwenye neno humnong'oneza mwanamume, ambaye huwa mdomo wake. Ulikuja kutoka Nyakasanza juu ya pikipiki, kiti chako cha mbao mapajani. Mwendesha pikipiki akakutania kwa jina ambalo mji mzima ulikuita, Mama Wakili: "Maman Maître, unahama?" Ukamjibu, "Ndiyo, mwanangu. Ninahama kutoka ku mukeka."

Ukakiweka katikati ya kaka zako, ukaketi. Walipokuuliza mdomo wako ni nani, ulisema, "Huu munaouona. Mama yetu alinizaa nao." Ukamtetea mke wa kaka yako dhidi ya damu yako mwenyewe, na jioni ile mama alilala nyumbani kwake. Nilikuwa bado msichana wa sekondari. Siku ile ndipo nilipochagua sheria.

Ndipo nilipoanza kukufuata kila mahali, hata ulipogombea udeputé, ubunge wa mkoa. Nilikubebea picha zako sokoni. Mama mmoja muuza mihogo alikuambia, "Siye tunakupenda, Maman Maître, lakini mwanamuke akienda kukaa bungeni, nani atabakia ku mafiga?" Ukasema, "Mafiga iko tatu, na sijaona hata moja ikikimbia." Soko lilicheka. Soko halikukupigia kura. Kesho yake ulivaa joho lako, ukaenda mahakamani, na mvua ikaendelea kuumenya uso wako wa pichani kutoka kwenye kuta za Bunia.

Kisha presha ya damu ikapanda, na hospitali haikuweza kuishusha.

Sasa nikupe habari, na si njema. Matanga hayakuwa yameondolewa vizuri kabla Baba Mkubwa hajaita baraza tena, kwa shauri lile lile la nyumba yetu. "Neno la Maître limekwenda naye," alisema. Nilikichukua kiti chako, nikaingia. Nilikuwa nimejiandaa, Shangazi! Vifungu vya sheria ya familia vilikuwa vimejipanga kichwani mwangu kama askari. Sikupewa nafasi ya kutamka hata kimoja. Alinitazama kwa upole, na upole wake ndio ulionikata: "Shangazi yako alikuwa mwanaume, siye wote tulishuhudia mbele ya kaburi. Weye uko mutoto mwanamuke. Kaa ku mukeka."

Hapo nikaelewa makofi yale. Mlango ulioubomoa kwa mabega yako wameujenga upya kwa sifa! Walipokuita mwanaume, walikutoa kwetu. Na kiti ulichokikalia kikarudi kwao, kikiwa safi, kana kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kukikalia. Ni nani atakayewapinga watu wanaokusifu? Tusi ningelijibu.

Nilisema jambo moja tu, na halikuwemo katika sheria yoyote: "Baba Mkubwa, Shangazi alikuwa mwanamke. Sisi wote tumekula sombe yake." Kaka zako wengine wakacheka, maana sombe yako, kisamvu kile, unisamehe, ilikuwa na chumvi ya kulambisha ng'ombe. Baba Mkubwa hakucheka. Aliahirisha baraza, akaagiza mama atafute mdomo.

Nilitaka kumpeleka mama mahakamani. Amekataa. "Siwezi kushitaki watu wenye watanizika," amesema. Tangu siku hiyo anafunga vyombo vya kurudi Marabo. Ameanza na sufuria kubwa, ile ya sherehe. Ninapomwambia kwamba sheria iko upande wake, hunitazama kama anayemtazama mtoto aliyeleta maua kwenye nyumba inayoungua. Nina hotuba kwa ajili ya umati, Shangazi. Kwa mama yangu sina. Wewe ungeketi tu kando yake, ukamenya viazi, na angesimama.

Nimepita kwa wanawake wa mtaa wetu nikiwaomba waje, kila mmoja na kiti chake. Wengi wameahidi. Najua wengi watakumbuka kazi nyingine asubuhi hiyo. Siwalaumu; nao wana shemeji.

Kwaheri, Shangazi. Mwanamke uliyekuwa na mdomo. Ninakuahidi sitawaacha wakufanye mwanaume; kila watakapolitamka neno hilo nitasimama kulikana, hata siku nitakayokuwa nimevaa joho, hata mbele ya jaji. Na sitamsemea mama. Nimeamua hivyo usiku huu, nalo linanitisha: nikiwa mdomo wake, nitakuwa nimeuhifadhi mkeka.

Baraza ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, uani kwetu, Saio. Nitaleta viti viwili, chako na kingine cha mama. Chako nitakikalia mimi. Cha mama nitakiweka mbele yao, katikati, na kama hatakikalia kitabaki pale, kitupu, wakitazame mpaka jua lizame.

Wako,
Riziki, binti ya kaka yako